Mwaka wa Kisomo: Handeni na Korogwe baada ya Desemba 31, 1969

Jioni ya Desemba 31, 1969, Rais Julius Nyerere alizungumza na taifa. Salamu za mwaka mpya kwa kawaida huisha na usiku wake. Hizi hazikuisha, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kazi: mwaka 1970, alisema, utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mtu aliyekwisha kuoa na kuozesha, mwenye shamba lake na madeni yake, alikuwa anaambiwa arudi darasani, au tuseme aende kwa mara ya kwanza, maana wengi hawakuwahi kufika huko. Sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu Watanzania milioni 12 na ushei, na karibu wawili katika kila watu wazima watatu hawakujua kusoma wala kuandika.

Hotuba ile ilitaja shabaha tatu. Ya kwanza, watu wazinduke, waache kuyapokea maisha ya dhiki kana kwamba yameandikwa hivyo tangu mbinguni. Ya pili, wajifunze namna ya kuyaboresha. Ya tatu, waielewe siasa ya nchi, yaani ujamaa na kujitegemea, iliyotangazwa katika Azimio la Arusha Februari 1967. Ukizipanga upya kwa macho ya leo unaona kwamba shabaha ya tatu ni ya serikali, na mbili za mwanzo ni za mtu. Nadhani ni hizo mbili zilizowafanya watu waitike. Hakuna mama aliyeacha chungu jikoni akaenda kuketi kwenye benchi la wanafunzi ili aielewe siasa. Alikwenda kwa sababu zake.

Tangazo lile lilifika pia Mazingara, katika nchi ya Wazigua wilayani Handeni. Lilifika Desemba, mwezi wa jembe. Handeni ni wilaya ya kusubiri mvua. Masika huanguka kati ya Machi na Mei, na mahindi yake huvunwa katikati ya mwaka. Vuli huanza Oktoba, na mara nyingi humdanganya mkulima. Inapofika mwisho wa Desemba ghala limeshuka, na mahindi ya vuli bado mabichi shambani. Kumwambia mtu wa huko aketi autathmini mwaka ni kumwambia akahesabu debe zilizobaki. Kuna hekima kidogo katika kuianza Januari namna hiyo, bila fataki, kwani malengo yanayopangwa mbele ya ghala lililopungua huwa na adabu kuliko yanayopangwa mbele ya sahani ya pilau.

Ndiyo maana kumbukumbu za Uzigua hazikupangwa kwa tarakimu. Zilipangwa kwa njaa. Mtu alizaliwa kabla ya njaa fulani, akaolewa baada ya nyingine. Njaa kubwa ya miaka ya 1830 iliwatoa watu wengi Uzigua hadi pwani, na huko wakapakiwa majahazi hadi Benadir, wakaishia utumwani katika mashamba ya kusini mwa Somalia. Waliotoroka walijijengea vijiji kando ya mto Juba, na vitukuu vyao wakaendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania. Handeni iliwapokea, kwanza kwenye kambi ya Mkuyu, kisha kwenye makazi ya Chogo, na baadaye serikali ikawafungulia mlango wa uraia. Miaka zaidi ya 150 ilikuwa imepita. Kilichowatambulisha ni lugha yao, pamoja na masimulizi ya njaa ile iliyowaondoa babu zao. Sijui tathmini nyingine ya mwaka mmoja iliyodumu muda mrefu kiasi hicho.

Kalenda ya tarehe ililetwa na watu wa kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na tangu hapo mwaka ukawa na mwisho ambao serikali inaujua kuliko mwenye nyumba. Upande wa Korogwe mambo yalikwenda mbio zaidi. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alikuwa ameagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika na kupona ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye hiyo 62 mkoa mzima wa Tanga ukageuka rangi. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaifuata huku na huku. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, wakaletwa kutoka mbali, Kigoma, Songea, Ruanda na Urundi. Vijana wa Handeni walikwenda mkonge kutafuta fedha ya kodi, kisha wakarudi kwenye mahindi yao.

Tuangalie kipande, kadi ya kazi ya mashamba hayo, kwa karibu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kalenda ya vizazi viwili. Kilikuwa na nafasi za siku 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, siku yako inatiwa alama. Usipoimaliza, au ukiugua, au mvua ikikukuta, nafasi inabaki wazi. Mshahara ulitoka alama 30 zikitimia, hata kama zimechukua siku 40 za ukutani. Kila mfanyakazi, kwa hiyo, alikuwa na mwezi wake mwenyewe, mrefu au mfupi kwa kadiri ya mgongo wake. Na juu ya kadi hiyo palikuwa na jina lake, limeandikwa na karani kwa maandishi ambayo mwenye jina hakuweza kuyasoma. Aliweza kuzihesabu alama, lakini hakuwa yeye aliyeziweka. Ulipotokea ubishi wa siku, mwenye kalamu ndiye aliyekuwa na ushahidi.

Nayaeleza haya kwa sababu bila kipande huwezi kuelewa ni kitu gani watu walikifuata darasani mwaka 1970.

Nyerere mwenyewe alikuwa na tabia ya kutazama nyuma hadharani, jambo adimu kwa mtawala. Januari 22, 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, yeye akaenda kukijenga upya chama cha TANU. Miezi michache baadaye kilitoka kijitabu chake, Tujisahihishe, kikiwataka viongozi na wanachama wakubali makosa yao pasipo kutafuta visingizio. Mwaka 1964, akiuelezea bungeni mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, alisema waziwazi kwamba elimu ya watu wazima lazima itangulie: watoto wangehitaji miaka 5, 10, hata 20 kabla elimu yao haijaonekana kwenye uchumi. Lilikuwa neno zuri, lakini miaka ile mitano ikapita na watu wazima wakabaki walipokuwa. Mpango wa pili ulianza mwaka 1969. Kwa hiyo hotuba ya usiku ule wa Desemba ilikuwa pia hesabu ya deni. Nchi ilikuwa imeahidi jambo, haikulitimiza, na sasa ilikuwa inaliahidi tena, safari hii kwa mwaka mmoja wenye jina.

Kazi yenyewe iliitwa kisomo. Mitaani waliiita ngumbaru, kwa mzaha ambao haukuwa na sumu nyingi, na aliyekuwa anasoma huko naye akaitwa ngumbaru. Darasa lilikuwa popote penye kivuli: darasani shuleni watoto wakishatoka, ofisi ya TANU, barazani kwa balozi wa nyumba kumi, chini ya mwembe. Ubao ulitundikwa kwenye shina. Saa kumi jioni ndiyo ilikuwa saa yake, baada ya shamba na kabla ya ugali. Palipokuwa na taa ya chemli, kiliendelea mpaka giza. Walimu wa shule za msingi hawakutosha hata kidogo, basi wakatafutwa wa kujitolea: vijana waliomaliza darasa la saba, makarani, mabwana shamba, wakati mwingine wanafunzi wa shule wenyewe. Walilipwa posho ndogo, ikifika.

Fikiria basi kijana wa miaka 17 amesimama mbele ya ubao, na mbele yake ameketi mjomba wake, mama mkwe wa kaka yake, na mzee aliyemfanyia tambiko. Atamwambiaje mzee huyo kwamba amekosea? Walimu wale walikuta njia zao. Hawakusema umekosea; walisema, shikamoo mzee, hebu tuisome tena pamoja. Kutwanga maneno kwa sauti moja, darasa zima, kulimficha aliyeshindwa ndani ya sauti za wenzake. Wataalamu wa ualimu huikosoa njia hiyo, lakini kwa watu wanaoheshimiana ilikuwa stara.

Vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya kisomo havikuanza na paka na kikombe. Vilianza na kazi: kilimo cha pamba, ndizi, ufugaji wa ng'ombe, uvuvi, mapishi bora. Wazo hilo lilitoka kwenye mradi wa majaribio ulioendeshwa kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO, na makao yake yalikuwa Mwanza. Msomaji alijifunza herufi na hapo hapo nafasi kati ya mche na mche. Uzuri wake unaonekana. Ila pamba ya Usukuma si mahindi ya Handeni, na kijiji kilichofikiwa na kitabu cha zao lisilo lake kilijifunza herufi tu, yale mengine kikamwachia bwana shamba wa Mwanza.

Waliojaza madarasa zaidi ni wanawake. Hili lilikuwa kweli nchi nzima. Sababu moja ni hesabu tupu: wanawake walinyimwa shule zaidi, kwa hiyo waliokosa kusoma walikuwa wengi zaidi kwao. Sababu nyingine iko kwenye barua. Mtu ana mwana anayekata mkonge Magoma au Mnyuzi, au ana mume Dar es Salaam. Barua inakuja. Hawezi kuisoma, basi anaipeleka kwa mtu, na mtu huyo anajua mambo ya nyumba yake kabla yeye hajayajua: fedha kiasi gani imetumwa, nani anaumwa, nani ameoa mke wa pili huko mjini. Anajibu kwa mdomo wa mtu mwingine, kwa hiyo baadhi ya maneno hayasemi kabisa. Lengo la mama huyo kwa mwaka 1970 halikuwa kujenga taifa. Lilikuwa kuisoma barua yake mwenyewe, mlango umefungwa.

Wanaume nao walikuwa na lao, na hapa kipande kinarudi. Kila ofisi iliyokuwa na karatasi ilikuwa na kidau cha wino: chama cha ushirika, bohari ya mashamba, mahakama ya mwanzo. Asiyejua kuandika alibonyeza dole gumba. Kisha akaondoka akilifuta dole kwenye suruali, na doa lile wote wanalijua. Kuandika jina ilikuwa heshima inayoonekana, inayopimika, na inayofikika ndani ya miezi michache. Anayepanga malengo ya mwaka mpya leo na kuyasahau kabla ya Pasaka angejifunza mengi kwa wanaume wale. Hawakupanga kuwa watu wapya. Walipanga kuandika herufi sita au saba.

Korogwe ilikuwa na nafasi ya pekee kwa sababu ya chuo chake cha ualimu. Mwaka 1971 chuo hicho kilianza jaribio la shule ya jamii katika kijiji cha Kwamsisi, Handeni, likisaidiwa na UNICEF na UNESCO. Lengo lilikuwa kuondoa ukuta kati ya shule na kijiji. Watoto walishiriki kazi za kijiji kama sehemu ya masomo, wanakijiji walikuwa na sauti katika mambo ya shule, na shule ikawa mahali pa watu wazima pia. Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Nyerere wa Machi 1967, ilikuwa imesema hivyo kwa maandishi. Kwamsisi ilipewa kazi ya kuonyesha kama inawezekana. Wageni walikwenda kuiona, na jina la kijiji kile kidogo likaingia kwenye ripoti za elimu za kimataifa. Kasoro yake ni ile ya mashamba yote ya mfano: yana walimu wa chuo, gari na wafadhili, na jirani hana hata kimoja cha hivyo. Mazingara, Sindeni, Kwediboma, huko kisomo kilienda kwa chaki na ukaidi.

Desemba 31, 1970 ikafika. Nyerere akarudi na hotuba nyingine ya kuaga mwaka, na safari hii akaiweka shabaha kwenye ramani: wilaya sita zilipewa mwaka 1971 kufuta kabisa ujinga wa kutojua kusoma, miongoni mwao Mafia, Ukerewe na Masasi. Handeni na Korogwe hazikuwamo. Sidhani kama ilikuwa hasara. Wilaya sita zile zilikimbizwa na saa, na saa iliwashinda wengi. Ndani ya mwaka huo huo mkutano mkuu wa TANU ukaisogeza shabaha hadi mwisho wa mwaka 1975, sasa kwa nchi nzima. Mwaka mmoja ukawa mitano, na kwa mtu aliyekuwa ameishika kalamu kwa miezi minane, mitano ilikuwa karibu na ukweli.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, kwa redio. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, mwenye kujua kusoma akawasomea kijitabu, kisha wakajadili: kwa nini tunaumwa malaria, kwa nini kichocho, kwa nini kuhara, na sisi wenyewe tunaweza kufanya nini wiki hii. Vikundi vilifika kama 75,000 na washiriki kama milioni 2. Kikao hakikuisha kwa makofi, kiliisha kwa kazi: choo kichimbwe, majani yaliyoizunguka nyumba yafyekwe, madimbwi yafukiwe. Wiki iliyofuata kikundi kiliuliza nani amechimba. Ukiacha kisomo chenyewe, sijaona mpango mwingine wa serikali wa muongo ule uliokaribiana hivi na ahadi ya mtu kwa nafsi yake. Tofauti ni kwamba ahadi hii ilikuwa na mashahidi wanaojua njia ya kuja nyuma ya nyumba yako.

Novemba mwaka huo huo, kupitia redio ile ile, ikatoka amri ya aina nyingine. Kuishi katika vijiji vya ujamaa kulikuwa hiari. Sasa ikawa lazima, na mwisho wake ukawekwa mwaka 1976. Handeni ilikuwa na historia yake na vijiji. Kabuku ulikuwapo mpango wa makazi ya wakulima wa mkonge tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, na mkoa wa Tanga ulikuwa na vijiji kadhaa vya ujamaa kabla ya amri. Mtafiti Michaela von Freyhold alivifuatilia na kuchapisha kitabu mwaka 1979. Wapo watu waliohamia kwa imani. Wapo waliohamia wakitarajia maji, shule na chakula cha msaada mvua ikigoma, na katika wilaya kama hii mtu wa namna hiyo simlaumu. Lakini sasa walihamishwa na wale ambao hawakutaka, wakaacha mahame yenye miembe waliyoipanda, makaburi, na mashamba ambayo udongo wake waliujua. Mvua za 1973 na 1974 zikawa mbaya sehemu nyingi za nchi, bei ya mafuta ikapanda duniani, na Tanzania ikanunua nafaka nje kwa fedha ambayo haikuwa nayo.

Kijiji kimoja, muongo mmoja, redio moja: kisomo na kuhamishwa vilimfikia mtu yule yule. Wanahistoria wengi huviweka kwenye kapu moja la siasa ya ujamaa. Mimi naona vilitofautiana katika jambo ambalo si la itikadi. Kisomo kilimpa mtu lengo aliloweza kulichukua na kulifanya lake, akalipunguza au kulikuza kwa kadiri ya haja zake. Hata serikali ilipotaka asome siasa, yeye alisoma barua. Kuhamia kijijini hakukuacha nafasi hiyo. Tarehe ilikuwa ya wengine, mahali ni pa wengine, na hata mstari wa nyumba ulipimwa na kamba ya mtu mwingine. Ilikuwa kipande tena, mara hii bila mshahara.

Agosti 1975 nchi nzima ilifanya mtihani. Sijui kama kuna jambo jingine katika historia yetu linalofanana nalo: watu wazima milioni 5.2 walioandikishwa kwenye kisomo, na kati yao milioni 3.8 wakajitokeza kupimwa katika siku chache, kwenye shule zile zile ambako watoto wao walipimwa. Kulikuwa na hatua nne. Aliyefika hatua ya tatu aliweza kusoma habari fupi na kuandika ujumbe mwepesi. Wa hatua ya nne alisoma gazeti, akaandika barua, akatunza hesabu ndogondogo. Waliofuzu hatua hizi mbili walikuwa milioni 1.4.

Ukichukua kipimo cha TANU, kwamba ifikapo mwisho wa 1975 asiwepo asiyejua kusoma, hiyo ni asilimia 37 ya waliopimwa, na mwalimu mkali angesema mmefeli. Kiwango cha wasiojua kusoma, hata hivyo, kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 67 hadi 39. Mtihani wa 1977 ulikishusha hadi 27, na ule wa 1986 ulikileta chini ya 10. Naamini takwimu hizo kwa tahadhari. Maofisa walitaka ziwe nzuri, na kuna waliofaulu Agosti na kusahau kufikia Krismasi kwa kukosa cha kusoma. Lakini hata ukizikata theluthi, kinachobaki ni kikubwa.

Nyerere aliendelea na tabia yake. Mwanzoni mwa 1977, TANU na ASP ya Zanzibar zikikaribia kuungana na kuwa CCM Februari 5, alitoa taarifa ndefu ya miaka kumi ya Azimio la Arusha. Humo alisema nchi bado si ya kijamaa na bado haijitegemei, akataja uzembe viwandani na ofisini. Juu ya vijiji alikuwa mpole kuliko ilivyostahili. Alikubali palikuwa na makosa ya utekelezaji, akayaona ya hapa na pale. Aliyeandika Tujisahihishe alijua kukiri, ila hata yeye alikuwa na jambo ambalo hakulitazama sana. Wengi wetu tukiketi na daftari Desemba huwa nalo.

Muongo uliofuata ulikula sehemu ya mavuno. Vita na Uganda, bei za mazao, upungufu wa kila kitu hadi sabuni: kisomo kilihitaji chaki na mafuta ya taa, na vyote viwili viliadimika. Magazeti ya vijijini yalikwama kwa kukosa karatasi. Mkonge wenyewe, ambao uzalishaji wake ulifika kilele katikati ya miaka ya 1960, uliendelea kuporomoka mbele ya kamba za nailoni, na kambi nyingi za Korogwe zikabaki na wazee. Ada ikarudi shuleni, watoto wakaacha, na sensa ya 2012 ikakuta wanaojua kusoma na kuandika ni asilimia 78 ya watu wa miaka 15 na zaidi. Zikaanzishwa programu nyingine, MUKEJA kwa watu wazima na MEMKWA kwa watoto waliokosa shule, lakini hakuna iliyowahi kupewa mwaka wake mzima na hotuba ya usiku wa Desemba 31.

Leo tathmini ya mwaka katika vijiji vya Handeni inafanyika sana kwenye VICOBA. Mfumo huo wa kuweka na kukopa una asili yake Niger, ambako shirika la CARE liliuanzisha mwaka 1991 kwa vikundi vya wanawake. Tanzania ulienea kuanzia miaka ya 2000. Kikundi kinakutana kila wiki, hisa zinanunuliwa, mkopo unatolewa, na kila kitu kinaandikwa kwenye kitabu cha mwanachama. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu. Mwisho wa mzunguko, ambao vikundi vingi huupanga uangukie Desemba kabla ya mahitaji ya shule ya Januari, sanduku linavunjwa na kila mtu anapata gawio lake.

Siku hiyo ndipo utasikia mazungumzo ambayo wanasaikolojia wa mjini wangelipisha fedha. Katibu, ambaye mara nyingi ni mwanamke, anasoma kwa sauti yale ambayo kila mmoja alisema mwaka jana anataka fedha yake ifanye. Bati. Mahitaji ya kidato cha kwanza. Mbuzi wawili. Mashine ya kushonea. Hawamwonei mtu haya, wala hawamdhalilishi.

"Mama Asha, ulisema utaezeka."

"Nimeezeka upande mmoja."

"Na wa pili?"

"Mwanangu, wa pili ameula mgonjwa. Niandikieni tena mwakani, bati kumi na mbili, na msiandike kumi."